Kumwita Mtoto kwa Nyuma

Jambo la kwanza nililofundishwa chuoni ni namna ya kumwita mtoto kwa nyuma. Unasubiri awe anacheza, mgongo wake ukiwa kwako. Unavua viatu kama vinagonga sakafu, na unaangalia kivuli chako kisipite mbele yake. Unataja jina lake mara moja, kwa sauti ya kawaida, halafu unanyamaza na kumtazama shingo. Mkufunzi wetu alisisitiza hilo: tusitazame mdomo. Mtoto anayesikia, alisema, huanza kuitika kwa shingo.

Nilikuwa nimezunguka sana kabla ya kulisikia jambo hilo, na sikuwahi kusikia lolote lililonishika namna ile. Shule niliiacha kidato cha pili. Si kwamba nilikosa ada, wala sikuumwa. Niliona lori la maharage linaelekea Karagwe, nikataka kujua linaishia wapi. Baada ya hapo nimeuza laini za simu Kashai, nimeanika dagaa visiwani, nimepika chapati stendi ya Muleba, na kila mahali niliondoka nilipomaliza maswali, au wenyeji walipoyachoka. Chuoni kwenyewe niliingia na ndoo ya rangi. Kilikuwa chuo cha maendeleo ya wananchi, vile vinavyopokea watu walioachia masomo njiani, na kilikuwa na kituo cha kulelea watoto. Niliajiriwa kuchora kuku na herufi ukutani. Darasa la malezi na elimu ya awali lilikuwa upande wa pili wa dirisha, na kuku wangu mmoja akachukua muda mrefu sana kumalizika.

"Wewe fundi," mkufunzi akaniuliza siku moja, "unapaka au unasoma?"

Nikasema nasikiliza tu.

"Basi njoo usikilizie ndani. Huko nje unanichorea kuku mwenye miguu mitatu."

Darasa zima lilikuwa la wanawake, wengi wana watoto mgongoni. Walinipokea vizuri, kwa maana ya kwamba hawakunipumzisha. Aliyekaa nyuma yangu alikuwa ananisukuma kwa kalamu.

"Anko, umefuata watoto au umefuata mama zao?"

"Nimefuata uji."

"Kaa karibu na sufuria basi, usije ukapotea tena."

Mpango ulikuwa wazi. Ukifaulu mazoezi ya vitendo, na ukifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, unahamia chuo cha ualimu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na njia inayokwenda mahali ninapopajua.

Kwa mazoezi nilipangiwa Ngenge, kwenye shule shikizi. Kilikuwa chumba kimoja cha tofali zisizopigwa lipu, kimejengwa na wazazi ili watoto wadogo wasitembee mpaka shule mama. Familia moja ilikuwa imekata pembe ya kibanja chake cha migomba ikaitoa. Hivyo dirisha la nyuma lilitazama migombani moja kwa moja, karibu kiasi kwamba jani lilikuwa linaingia ndani na kutoka. Mwanga wa chumba kile ulikuwa wa kijani. Asubuhi yenye utulivu kabisa, bila upepo, migomba ilikuwa inatoa sauti kama mtu anayekunja shuka peke yake, taratibu, anaanza upya.

Kaburi lilionekana kutoka dirishani. Lilikuwa na msalaba wa saruji na udongo ambao haujakaa sawa bado. Kwetu Kagera hilo halimshtui mtu. Nyumba, migomba na waliotangulia wako kiwanja kimoja, unapalilia ukiwazunguka. Nililiona siku ya kwanza, nikaendelea na kazi.

Kilichonishinda siku ile ya kwanza ni kuita majina. Nilitaja la kwanza, darasa zima likaitika pamoja kwa Kihaya, kama kusema abee: "Waitu." Nikacheka. Nikataja la pili. "Waitu," wakasema wote.

"Namwita mmoja tu," nikawaambia. "Mwenye jina ndiye aitike."

Wakanitazama kama watu wanaomhurumia mgeni. Msichana mmoja mwenye pengo la meno ya mbele akanisogelea asiwasumbue wengine.

"Mwalimu, akiitika mmoja atajulikana."

"Atajulikana na nani?"

"Na anayeita."

"Anayeita si ni mimi?"

Akatazama dirishani, akanirudia. "Leo ni wewe."

Nilidhani ni utundu wa kitongoji, na utundu wa watoto nilikuwa nimefundishwa kuuandika na kuuchunguza, si kuukaripia. Nikazoea. Nikawa najua nani yupo kwa kuwatazama.

Mmoja tu alikuwa haitiki hata pamoja na wenzake. Jina lake sitaliandika, na sababu itaonekana mbele. Alikuwa binti wa miaka mitano, anakaa chini ya lile dirisha, anajenga zizi kwa magunzi ya mahindi. Sikuwahi kumsikia akisema neno. Wenzake walikuwa wakimpa magunzi bila kuombwa. Kila mwanafunzi wa chuo alitakiwa kumfuatilia mtoto mmoja kwa muhula mzima, nami nikamchagua yeye, kwa sababu ile ile iliyonipandisha lori la maharage.

Mkufunzi alikuja kwa ziara ya kwanza. Ni mama wa Miembeni, pale Bukoba, wa familia ya Kiislamu ambayo wazee wake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sote tuone chetu kimekakamaa. Akavua viatu, akasimama nyuma ya yule mtoto, akamwita. Shingo haikucheza. Akagonga kifuniko cha sufuria. Haikucheza. Akapiga filimbi. Mtoto akapanga gunzi jingine.

Tulipotoka nje hakuwa na maneno mengi.

"Nitarudi mwisho wa muhula. Kama ni hivi hivi, nitampendekeza kwenye kitengo cha viziwi Bukoba. Ni cha bweni. Nafasi ipo mwakani."

"Madam, ana bibi yake tu. Na bibi ana yeye tu."

"Najua, mwanangu. Lakini mtoto kiziwi akifika miaka saba hana lugha yoyote, ya mdomo wala ya mikono, tutakuwa tumemfungia mlango. Kumwacha hapa kwa kumwonea bibi huruma ni kumwonea yeye."

Alikuwa sahihi, na nilijua yuko sahihi. Ila mimi nilikuwa nimeona kitu ambacho yeye hakukiona, kwa kuwa hakuwahi kukaa mpaka saa ya uji.

Saa ya uji darasa lilikuwa kimya kabisa, vikombe tu. Siku nyingine, si zote, katikati ya ule ukimya, shingo ya yule binti iligeuka kuelekea dirishani. Haikuwa kwa kushtuka. Ilikuwa taratibu, kuanzia chini ya sikio, hasa kama tulivyofundishwa kwamba shingo ya mtoto aliyeitwa hugeuka. Na hapo hapo watoto wote, bila kuacha uji, bila kutazamana, walisema kwa sauti ndogo kuelekea migombani: "Waitu." Kisha wakaendelea kunywa. Binti akarudisha shingo.

Mimi sikuwa nimesikia chochote.

Mara ya kwanza nilienda kuchungulia dirishani. Migomba, kivuli, msalaba. Jani moja lilikuwa linacheza na mengine yametulia.

Mchana mmoja nikaenda nyumbani kwao. Ilikuwa nyumba ile ile ya wenye kibanja, upande wa pili wa migomba. Nilipita kwa njia ya barabarani, ndefu, na sikujiuliza kwa nini. Bibi alikuwa anamenya ndizi uani. Akanikaribisha kwa heshima zote, akanipa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akaniuliza kama nimeoa, akasikitika nilipomjibu.

"Mwanaume anayefundisha vitoto," akasema, "angepata vyake angefurahi zaidi."

"Watanikimbia, bibi."

"Watakuzoea. Hawa wamekuzoea."

Akapiga kofi mara mbili juu ya paja. Yule binti akatokea nyuma ya jiko, amebeba sufuria. Bibi hakuwa amemtazama wala kumtaja. Makofi yake yalikuwa madogo tu, na binti alikuwa mbali, nyuma ya ukuta.

Nikaacha kutafuna. "Bibi, huyu anasikia."

"Kuliko mimi na wewe."

"Mbona haitiki?"

"Nimemkataza."

Akanieleza huku anamenya, bila kushusha sauti wala kuipandisha. Mama wa mtoto, ambaye ndiye binti yake bibi, alikuwa ameugua na kufa miaka miwili nyuma, akazikwa pale nyuma. Waombolezaji walipokwisha kuondoka, mchana wa jua kali, mtoto alikuwa anacheza uani peke yake, akaitwa kutoka migombani.

"Niliisikia na mimi," bibi akasema. "Nikiwa ndani. Sauti ya mwanangu nitaisahau? Alivyokuwa anamwita aje aoge, ndivyo alivyomwita. Mtoto akaitika, 'Waitu,' akaenda. Nilipotoka nikamkuta kifudifudi juu ya udongo, kaweka sikio chini. Alikuwa wa baridi, bojo mwanangu. Jua kali vile, naye baridi. Alikaa hali chakula, ananiangalia tu kama ninamchelewesha."

"Halafu?"

"Halafu nikamwambia: ukiitwa nyuma yako, na yeyote, kwa jina au kwa kelele, usiitike, usigeuke. Mtoto mdogo atajuaje ni nani anaita? Mimi nampigia kofi, ananijua. Hawa wenzake, ule mtindo wao wa kuitika pamoja, walianza wenyewe. Hatukuwafundisha."

"Kwa nini wanaitika?"

"Ili anayeita asimpate. Anayemwitikia mwenzake anabeba kiasi cha wito wake. Wako wengi, inakuwa kidogo kidogo."

Nikamweleza alichosema mkufunzi: Bukoba, bweni, mwakani. Kisu kikasimama kwenye ndizi. Nilidhani angelia au angenifukuza. Akauliza tu, "Na huko wanakolala, wanawaita kwa majina?"

"Huko wanaita kwa mikono, bibi. Ila yeye si kiziwi. Akiitika mara moja tu mbele ya mkufunzi, atabaki."

"Peke yake?"

"Ndivyo wanavyopima."

"Peke yake hapana." Akaendelea kumenya. "Wakimchukua nitabaki na nani hapa? Na yule kule? Lakini peke yake hapana."

Nilimpigia mkufunzi simu jioni ile, nikiwa nimesimama juu ya kichuguu ambapo mtandao ulikuwa unapatikana. Nilimwambia yote. Hakunicheka. Nikasikia watoto wake wakigombania rimoti.

"Imani za watu siziingilii," akasema. "Kwetu nako kuna mambo hatuyaiti kwa jina. Lakini mimi nimetumwa nipime sikio. Siwezi kuandika kwamba bibi amesema anasikia. Aitike, niandike."

Wiki zilizobaki nilimfundisha yule binti kila nilichojua. Tulipiga ngoma, naye akapiga vizuri sana, ilimradi ngoma iko mbele yake. Nilipohamia nyuma alikuwa jiwe. Niliomba wenzake waitike pamoja naye. Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Na saa ya uji, siku zile, shingo yake ilikuwa inageuka mara nyingi kuliko mwanzo.

Mkufunzi alifika kwa bodaboda, mtandio umejaa vumbi jekundu, akaomba maji, akaomba watoto wengine watoke.

"Wote, madam?"

"Wote. Ule wimbo wenu wa kuitika pamoja unanivurugia kipimo. Wewe kaa mbele pale, usimfanyie ishara."

Mama anayepika uji akawachukua uwanjani. Walienda shingo upande. Hawakucheza, walisimama mstari mmoja pembeni ya uwanja wakitazama darasa. Bibi alikuwa ameambiwa siku ya kipimo, na nilijua yuko upande wa pili wa migomba, ingawa sikumwona.

Binti alikaa chini ya dirisha na magunzi yake, uso kwangu. Mkufunzi akavua viatu, akasimama nyuma yake, kitabu mkononi, dirisha likiwa mgongoni kwake yeye. Chumba kilikuwa cha kijani na baridi.

Akamwita. Jina moja, kwa sauti ya kawaida.

Kwa nyuma pengine shingo ilionekana imetulia. Mimi niliyekuwa mbele niliona midomo imebanwa mpaka imepauka, na mkono umeshika gunzi kana kwamba gunzi ndilo lililomzuia asianguke. Alikuwa anasikia kwa mwili mzima. Nilitaka kusema. Nikakumbuka nimekatazwa.

Mkufunzi akamwita tena. Kimya. Akashusha pumzi, akatazama kitabu chake, kalamu ikamponyoka, akainama kuiokota.

Akiwa ameinama, jina likaitwa.

Niliisikia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya karibu, isiyo na haraka, sauti ya kumwita mtoto aje aoge. Mkufunzi alikuwa anapapasa chini ya kiti, mdomo umefunga. Lile jani lililokuwa likiingia dirishani lilikuwa limeingia zaidi ya kawaida yake. Na shingo ya mtoto ikaanza kugeuka, kutoka chini ya sikio, taratibu. Gunzi likaanguka. Akaanza kuinuka, uso umefunguka kabisa. Sikuwahi kumwona na furaha ile.

Wenzake walikuwa uwanjani. Hapakuwa na mwingine wa kusema.

"Waitu," nikasema.

Na chini ya sauti yangu, kama kitu kinachokwaruza kabla ya kufunguka, ikaja nyingine: "Waitu." Ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea kwa mtoto. Akanitazama mimi, si dirisha. Akakaa.

Mkufunzi akainuka na kalamu yake. "Nani kakwambia umwitikie?"

"Nisamehe, madam."

"Nilikwambia usifanye ishara." Akamgeukia mtoto, akachuchumaa, akamtazama muda mrefu. "Lakini kaitika. Nimemsikia kwa masikio yangu." Akaandika. Akasimamisha kalamu. "Nilimwita mara mbili, siyo?"

"Mara mbili, madam."

"Mbona kaitika nimeinama?"

Nikaokota lile gunzi, nikamrudishia mtoto. Mkufunzi alivaa viatu vyake nje, kwenye jua, na hakugeuka kulitazama dirisha. Alama za kipimo kile alinipunguzia kwa kuingilia kati, na alifanya sawa. Katika taarifa yake aliandika kwamba mtoto anasikia na anahitaji kutiwa moyo azungumze. Kuhusu Bukoba hakuandika kitu.

Bibi alikuja mpaka barabarani siku niliyoondoka, na binti mkononi. Alikuwa ameshaambiwa na watoto jinsi nilivyoitika. Alinipa mkungu wa ndizi usiobebeka na hakunishukuru. Alinishika kifundo cha mkono, akanitazama kama mtu anayetafuta mahali palipovimba.

"Uliitika peke yako," akasema.

"Nilikuwa na yeye."

"Yeye alikuja nyuma yako. Wewe ulitangulia."

Sasa niko chuo cha ualimu. Mtihani niliufaulu kwa kuponea chupuchupu, nikahama kama ilivyopangwa. Likizo nakaa Kashai, chumba cha kupanga, uani kuna saluni na fundi pikipiki, kelele kutoka asubuhi. Bibi hunipigia kwa simu ya jirani. Binti ameanza darasa la kwanza kule shule mama. Anaongea, bibi anasema, anaongea mpaka anachosha, na akiitwa anaitika na wenzake, siku nyingine hata peke yake.

"Na huku kumetulia," aliniambia majuzi. "Tangu ulipoondoka kumetulia kabisa. Sijui hata nisemeje."

Nikamwambia nashukuru kusikia.

Mara ya kwanza ilikuwa mchana, nafua, maji yanatiririka. Lile jina liliitwa nyuma yangu, kati ya kelele za pikipiki, kwa sauti ile isiyo na haraka. Nilijua hapana mtoto wa jina hilo kwenye nyumba ile. Nimeuliza, unanijua mimi na kuuliza. Nikaendelea kusuuza shati. Huja siku nyingine, si zote, na mara zote ni mchana. Siitiki. Siwezi kusema nimezoea. Shingo ndiyo inayonisumbua: inataka kugeuka yenyewe, nami naishika kwa mkono kama mtu mwenye maumivu, na dada wa saluni ameshaniambia nitafute dawa.

Jamaa mmoja wa zamani alinipigia wiki iliyopita. Kuna lori linaenda Kigoma, linahitaji mtu wa kuhesabu magunia, baada ya hapo labda Mpanda, labda mbali zaidi. Zamani ningekuwa nimeshafunga begi. Nilikaa kitandani nikafikiri. Yule mama akiita hapa, maana yake kule hajamwita mtoto. Ila nikihama sijui kama atanifuata, au atashindwa kuniona na kurudi anakokujua. Sina wa kumuuliza swali hilo, na bibi siwezi kumuuliza.

Nikamwambia jamaa aniache kwa sasa, nimelipia chumba.